Baada ya Uhuru na Lenana, Kilele Kipi?

Barua nyingi zilizoifikia safu hii tangu mvua za vuli zikatike zimeandikwa na wasomaji ambao tayari wamesimama Uhuru kule Kilimanjaro, Lenana kule Mlima Kenya au vilele vyote viwili, na ambao sasa wanatafuta mlima utakaowapima zaidi. Nimechagua barua saba. Majibu hayalingani kwa urefu kwa kuwa maswali yenyewe hayalingani kwa hatari, na pale ambapo msomaji anaweza kupoteza maisha kwa kukosa maelezo nimeona heri nimchoshe kwa maneno mengi.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina umri wa miaka 34 na ninaishi Arusha. Nimefika Uhuru mara tatu, na Januari iliyopita nilipanda Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon hadi Point Lenana bila hata kuumwa kichwa. Nikiwa pale juu niliitazama Batian, nikaiona iko karibu mno, na tangu siku hiyo imekataa kunitoka moyoni. Je, kwa uzoefu huu ninaweza kuipanda mwezi wa Agosti nikiwa na mwongozaji mmoja? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Miguu yako na mapafu yako yako tayari, na hilo si jambo dogo, lakini mikono yako bado, na Batian ni mlima wa mikono. Kutoka Lenana yenye mita 4,985 hadi Batian yenye mita 5,199 ni tofauti ya mita 214 tu, na anayetazama alfajiri kabla mawingu hayajapanda anaweza kabisa kudhani kwamba amebakiza kilima kimoja. Hata hivyo, Lenana hufikiwa kwa kutembea, ilhali Batian na jirani yake Nelion, yenye mita 5,188, hufikiwa kwa kupanda jabali lililo karibu wima, kwa kamba, kofia ngumu na vyuma vya kupachika katika nyufa za mwamba, kwa saa nyingi mfululizo, mahali ambapo mgandamizo wa hewa ni takriban nusu ya ule wa pwani. Safari zako tatu za Uhuru zimekufundisha kuvumilia baridi, usingizi mchache na hewa nyepesi. Hazikukufundisha kumshikia mwenzako kamba, kufunga fundo kwa vidole vilivyokufa ganzi, wala kushuka kwa kamba gizani.

Historia ya mlima wenyewe inatosha kuwa ushahidi. Mwingereza Halford Mackinder alifika Batian tarehe 13 Septemba 1899 akiwa na waongozaji wawili kutoka milima ya Alps, César Ollier na Joseph Brocherel, kisha ikapita karibu miaka thelathini bila mtu mwingine kufaulu, hadi Januari 1929 Eric Shipton na Percy Wyn-Harris walipofika Nelion kwa mara ya kwanza na kuvuka hadi Batian. Vilele vyote vitatu vimepewa majina ya malaiboni, yaani viongozi wa kiroho, wa Kimaasai, yaani Mbatian, Nelieng na Lenana, na mimi huona ni adabu kwa anayekwenda huko kujua anakanyaga juu ya majina ya nani.

Sasa nije kwenye Agosti, kwa sababu hapo ndipo swali lako lilipo na mtego. Mlima Kenya uko karibu kabisa na mstari wa ikweta, kwa hiyo jua halizungumzi na pande zake zote kwa wakati mmoja. Kuanzia Desemba hadi Machi jua huupiga upande wa kusini, mwamba wa Nelion ukakauka, na njia ya kawaida ya kusini-mashariki ikawa katika hali yake njema. Kuanzia Juni hadi Septemba mambo hugeuka: upande wa kusini hushikwa na barafu na theluji, na wapandaji huhamia uso wa kaskazini, ambako kuna njia iendayo moja kwa moja Batian. Mtu anayesoma maelezo ya njia ya Nelion yaliyoandikwa na aliyepanda Januari, kisha akaenda nayo Agosti, atakuta mlima mwingine kabisa. Ikiwa huna budi kwenda Agosti, basi njia yako ni ya kaskazini, nayo ni ndefu na ni rahisi kuipoteza, hasa wakati wa kushuka.

Hata katika msimu wake, Nelion si kazi ya kudharau. Wapandaji huondoka Austrian Hut, kwenye mita 4,790, kukiwa bado giza, wakavuka mabaki ya mto wa barafu wa Lewis, ambao mzee yeyote aliyepanda miaka ya sabini akiuona leo atatikisa kichwa kwa huzuni, kisha wakaanza mwamba mapambazuko yanapoingia. Wenye kasi hupanda na kushuka siku hiyo hiyo. Wengine hulala juu kabisa ya Nelion, katika kibanda kidogo cha bati alichokijenga Ian Howell mwaka 1970 baada ya kubeba vifaa vyake kwa safari nyingi, akipanda peke yake. Anayetaka Batian kutoka Nelion hana budi kushuka kwanza katika pengo liitwalo Lango la Ukungu na kupanda tena upande wa pili, na pengo hilo, ambalo zamani lilijaa barafu ngumu, sasa limekuwa na mawe mengi yasiyoshikamana, jambo linalolifanya liwe gumu zaidi na si rahisi zaidi.

Naomba pia ulijue tukio la Septemba 1970. Madaktari wawili vijana kutoka Austria walikuwa wamemaliza kufika Batian, wakawa wanajiandaa kushuka, jiwe kubwa likang'oka na mmoja wao akaanguka na kuvunjika mguu. Mwenzake alimfunga jeraha, akashuka peke yake kutafuta msaada, akarudi. Ilichukua zaidi ya wiki moja, ikahitaji waokoaji wa Nairobi pamoja na wengine waliosafirishwa kwa ndege kutoka Austria, na rubani wa helikopta aliyekuja kusaidia alipoteza maisha, ndipo majeruhi alipofikishwa chini akiwa hai. Hao walikuwa wapandaji hodari waliozaliwa milimani. Ukivunjika mguu Lenana, wapagazi wanne na machela watakufikisha chini siku hiyo hiyo; ukivunjika pale juu, huenda wenzako wasiweze kukusogeza hata mita kumi.

Ushauri wangu ni huu. Uahirishe mpango hadi Januari ya mwaka kesho, na miezi iliyobaki uitumie kujifunza kupanda mwamba mahali pa chini, ambapo kosa halina gharama kubwa. Lukenya, karibu na Athi River, na Hell's Gate, karibu na Naivasha, ni shule mbili nzuri, na Klabu ya Kupanda Milima ya Kenya imekuwa ikipeleka wanachama wake huko kwa miongo mingi. Usihesabu siku ulizokwenda, bali jipime hivi: je, unaweza kupanda vipande kumi vya mwamba mfululizo, kila kimoja cha urefu wa kamba, ukiwa na mkoba mgongoni, na kushuka vyote kwa kamba usiku bila kuelekezwa? Ukiweza, tafuta mwongozaji. Na hapa uwe mwangalifu, kwa kuwa mwongozaji mwenye leseni ya kukufikisha Lenana si lazima awe mjuzi wa mwamba. Muulize bila kuona haya amepanda Nelion mara ngapi, mara ya mwisho ilikuwa lini, na kama kamba ni zake na zina umri gani. Anayestahili kazi hiyo atafurahi kuulizwa.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mzaliwa wa Marangu, na bibi alitusimulia kwamba Mawenzi, jirani ya Kibo pale pale Kilimanjaro, amechongoka vile kwa sababu Kibo alimpiga. Nimepanda Kibo kama mpagazi na baadaye kama mwongozaji msaidizi mara zisizohesabika, lakini Mawenzi sijawahi hata kumsikia mtu akisema amempanda. Kwa nini? (Msomaji, Moshi)

JIBU: Hadithi ya bibi ni ile ile niliyosimuliwa mimi: Mawenzi alizimikiwa na moto, akaenda kwa Kibo kuomba, akarudi tena na tena hadi Kibo akachoka na kumtwanga. Wanajiolojia husimulia kwa maneno mengine, lakini mwisho wao unafanana na wa bibi, kwamba Mawenzi ni volkano kongwe iliyozimika na kuliwa na mvua na barafu kwa muda mrefu sana, hata yakabaki magenge na minara ya mwamba uliooza. Neno hilo, kuoza, ndilo jibu la swali lako. Jiwe la Mlima Kenya ni gumu na hushika chuma. Jiwe la Mawenzi hubaki mkononi mwa anayelishika.

Kilele chake kirefu, chenye mita 5,149, kinaitwa Hans Meyer kwa heshima ya Mjerumani aliyefika Kibo mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller. Hans Meyer mwenyewe hakuweza kukifikia, na waliofika kwa mara ya kwanza ni Eduard Oehler na Fritz Klute, mwaka 1912, miaka 23 baada ya Kibo. Tangu hapo waliofuata ni wachache. Hakuna njia ya watalii, na anayetaka kupanda hulazimika kuomba kibali maalumu cha uongozi wa hifadhi, ambacho hakitolewi kwa kuwa tu mtu ana nguvu. Wewe, ndugu yangu, unaijua Kibo kuliko wengi wanaoandika vitabu juu yake, lakini kwa Mawenzi ninakuweka kundi moja na msomaji wa Arusha, na kwa jiwe lile ningeongeza miaka kadhaa ya mwamba mzuri kwanza. Kwa sasa, ukipata kazi katika njia ya Rongai, usipite Mawenzi Tarn kwa haraka. Kambi ile, kwenye takriban mita 4,300, iko chini kabisa ya kuta zake, na usiku usio na upepo utasikia mawe yakidondoka yenyewe. Sauti hiyo inafundisha.

SWALI: Tumepanda Uhuru kwa Marangu na Machame. Sasa kampuni moja inatuuzia Western Breach kama "njia ya wazoefu". Mna maoni gani? (Wasomaji watatu, Dar es Salaam)

JIBU: Jina hilo ni la kweli kwa upande mmoja, kwa kuwa kutoka kambi ya Arrow Glacier, iliyo kwenye karibu mita 4,900, njia hupanda kwa mteremko mkali hadi ndani ya kasoko, na sehemu nyingine mtu hutumia mikono. Lakini hatari yake kubwa haipungui kwa uzoefu. Mawe yaliyo juu ya njia ile yameshikwa na barafu, na barafu ikiyeyuka huachia, bila kujali aliye chini ni bingwa au mwanafunzi. Januari 2006 mawe yaliwaua wapandaji watatu kutoka Marekani, njia ikafungwa, na ilipofunguliwa tena baadaye mkondo wake ulibadilishwa na masharti yakaongezwa. Mtakaoshikilia kwenda, basi kofia ngumu kwa kila mmoja wenu na kwa kila mpagazi, kuondoka usiku mkavu wa baridi ili muwe mmemaliza sehemu ya hatari kabla jua halijaipiga, na siku zisizopungua saba za kuzoea mwinuko kabla yake, kwa kuwa ukishafika katikati ya mteremko ule kurudi chini ni kugumu kuliko kuendelea. Mimi nimeacha kuipendekeza. Waendao kwa ajili ya kulala ndani ya kasoko wanaweza kufika huko kwa kupitia Stella Point.

SWALI: Ol Doinyo Lengai ina mita 2,962 tu. Kwa nini waongozaji wanaitaja pamoja na milima mikubwa? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Kwa sababu hupandwa yote kwa usiku mmoja, zaidi ya mita 1,500 za wima bila kituo, juu ya majivu yanayokurudisha nyuma nusu hatua kwa kila hatua, na bila tone la maji njiani. Watu huanza usiku kwa kuwa mchana joto la bonde la Natron halivumiliki. Mteremko wa mwisho ni mkali kiasi kwamba wengi hushuka wakiwa wameketi, na magoti huumia zaidi wakati wa kurudi. Ukumbuke pia kuwa volkano hii iko hai; mlipuko wa mwaka 2007 hadi 2008 uliibadilisha kabisa kasoko yake, na lava yake nyeusi nyepesi, isiyofanana na ya volkano nyingine yoyote inayotoa lava leo, bado hutoka. Usikaribie ukingo, hata kwa picha. Kwa Wamaasai huo ni Mlima wa Mungu, na mwongozaji wako awe mwenyeji wa Engaresero.

SWALI: Jambo Mzee. Sisi ni kikundi cha Goma. Kabla ya mlipuko wa Mei 2021 tulikuwa tunapanda Nyiragongo mara kwa mara, tena tumefika Karisimbi. Tunataka Margherita, kilele kirefu cha Rwenzori. Watu wanatuambia barafu imekwisha, kwa hiyo hatuhitaji vyuma vya viatu. Ni kweli? (Wasomaji, Goma)

JIBU: Si kweli, ndugu zangu, na ninafurahi kwamba mmeuliza kabla ya kwenda. Barafu ya Rwenzori imepungua kwa kiasi cha kutisha. Mwanaume wa kwanza kufika Margherita, Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi kutoka Italia, aliyefika Juni 1906, alikuta barafu juu ya milima sita ya safu ile. Kufikia mwanzoni mwa karne hii ilikuwa imebaki katika mitatu tu, yaani Stanley, Speke na Baker, na tangu hapo imezidi kusinyaa. Lakini njia ya Margherita, yenye mita 5,109, bado hupita juu ya barafu, na barafu inayokufa ni mbaya kuliko iliyo hai. Hupasuka mahali ambapo mwaka jana palikuwa pazima, kingo zake huwa wima, na mahali ilipojitenga na mwamba hubaki mapengo yanayohitaji kamba au ngazi. Njia ya mwaka huu huenda isiwe ya mwaka ujao, na ndiyo maana taarifa yenye thamani ni ya mwongozaji aliyepita wiki iliyotangulia, si ya ramani.

Kila mmoja wenu awe na vyuma vya viatu vilivyopimwa kwa viatu vyake kabla ya safari, shoka la barafu, mkanda wa kiunoni na kofia ngumu. Ombeni siku moja ya mazoezi kabla ya usiku wa kilele: kutembea na vyuma bila kujikwaa, kujizuia kwa shoka mtu anapoteleza, na kutembea wote katika kamba moja iliyonyooshwa vizuri. Nyiragongo na Karisimbi hazina mambo hayo.

Hata hivyo, watu wengi wanaoshindwa Rwenzori hawashindwi na barafu. Hushindwa na matope. Mtatembea siku nyingi katika mabonde ya Bujuku au Kilembe, mahali ambapo mvua hunyesha hata katika miezi inayoitwa ya kiangazi, mkiruka kutoka kishungi cha nyasi hadi kishungi, na atakayekosea ataingia hadi mapajani. Vaeni gambuti, si viatu vya mlima, hadi mtakapofika miamba ya juu. Viatu vya mlima vibebwe vikiwa vimefungwa katika mifuko isiyopitisha maji, pamoja na soksi na nguo za kulalia ambazo hamtazigusa kabisa mchana. Nimemwona mtu mwenye nguvu za ng'ombe akikata tamaa Elena Hut, kwenye mita 4,541, akiwa amebakiza nusu siku tu, kwa sababu hakuwa na kitu kimoja kikavu cha kuvaa.

Kuhusu njia, upande wenu wa Kongo, kutokea Mutwanga, ndio mzuri zaidi kwa macho kwa maoni ya waliouona, lakini hali ya usalama katika eneo la Beni hainiruhusu kuupendekeza. Pitieni Kasese, Uganda. Waongozaji na wapagazi wa huko ni Wakonzo, wenye mlima wao, na mkiwasikiliza watawafundisha mengi zaidi ya njia.

SWALI: Assalaam alaykum. Naandika kutoka Muscat. Kila Ijumaa katika miezi ya baridi tunapanda Jebel Shams, karibu mita 3,000, na nimefika Uhuru mara moja kwa taabu ya kichwa na kutapika. Nia yangu ni Lenana na Meru ndani ya wiki mbili. Nitumie Diamox? Na mazoezi ya Jebel Shams yanatosha? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Waalaykum salaam. Mazoezi ya Jebel Shams ni mazuri sana kwa miguu, hasa ukibeba maji yako yote na kushuka siku hiyo hiyo, lakini hayakuandai kwa mwinuko, kwa kuwa mwili huzoea hewa nyepesi kwa kulala ndani yake. Safari ya mchana mmoja haijengi kitu cha kudumu. Kanuni inayokubaliwa na madaktari wa milima ni kwamba ukishavuka mita 3,000 usiongeze zaidi ya takriban mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne ulale mahali pale pale usiku wa pili. Linganisha kanuni hiyo na ratiba uliyouziwa, nawe utaona wapi imekaza mno.

Asetazolamidi, ambayo wengi huijua kwa jina la Diamox, husaidia kweli, na kwa mtu aliyewahi kuugua kama wewe ni busara kuizungumza na daktari. Kiasi cha kinga kinachotumika sana kwa mtu mzima ni miligramu 125 asubuhi na miligramu 125 jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Mweleze daktari kama una mzio wa dawa za salfa, na uijaribu nyumbani kwanza, kwa kuwa huleta mchonyoto wa vidole na haja ndogo ya mara kwa mara. Jambo ambalo haifanyi ni kukupa ruhusa ya kukimbia. Mwenzako akianza kuyumba kama mlevi na kushindwa kutembea kisigino kwa kidole kwenye mstari ulionyooka, au akihema akiwa ameketi na kukohoa mapovu, huo si ugonjwa wa kumeza kidonge na kusubiri asubuhi. Ashushwe wakati huo huo, hata kama ni saa nane za usiku, na asishuke peke yake.

Wiki mbili zinatosha kwa milima yote miwili ukianza na Meru kwa siku nne, ukapumzika siku mbili Arusha, kisha Lenana kwa siku tano. Usizipunguze.

SWALI: Mwalimu, nina uchungu. Nimefika Uhuru mara mbili, na mwezi uliopita tulikwenda Meru, watu wanne. Mmoja wetu alichelewa kujiandaa, tukaondoka Saddle Hut saa tisa na nusu usiku. Saa nne asubuhi, kilele kikionekana mbele yetu kabisa, mwongozaji alitugeuza kwa sababu ya upepo na wingu, ingawa wote tulikuwa na nguvu. Meru ni mita 4,562 tu! Nifanye nini ili nirudishiwe fedha zangu? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Pole, dada yangu. Uchungu huo ninaujua, kwa kuwa hata mimi nimegeuzwa, tena zaidi ya mara moja. Lakini ningekuwa mwongozaji wenu ningewageuza mapema kuliko saa nne.

Neno "tu" katika barua yako ndilo ninalotaka tulizungumze. Kibo ni mrefu kuliko Meru kwa zaidi ya mita 1,300, lakini usiku wa kilele wa Marangu au Machame ni njia pana juu ya changarawe, ambapo aliyechoka anaweza kuketi mahali popote. Meru ni mlima uliovunjika. Maelfu ya miaka iliyopita upande wake wa mashariki uliporomoka wote, ukabaki ukingo wenye umbo la kwato la farasi, na njia kutoka Rhino Point hadi kilele hufuata mgongo wa ukingo huo, kushoto kwako ukuta ukishuka mamia ya mita kuelekea kasoko. Kuna mabapa ya mwamba ambayo yakiwa makavu mtu huyavuka akiongea, na yakipata utando wa barafu hugeuka kuwa mahali pa kufia. Mgongo huo hupanda na kushuka mara nyingi, kwa hiyo kilele kinachoonekana "mbele kabisa" mara nyingi kiko saa nzima au zaidi, na kila mita uliyoshuka wakati wa kwenda utaipanda tena wakati wa kurudi ukiwa umechoka. Upepo ukiwa mkali na wingu likiwa limefunika alama za njia, nguvu zenu hazikuwa na kazi ya kufanya pale.

Ongeza hapo kwamba siku yenu ilikuwa bado ndefu. Kutoka kileleni hadi Saddle Hut, kwenye mita 3,570, kisha hadi Miriakamba, ni mwendo wa saa nyingi za kushuka, na askari wa wanyamapori anayewasindikiza kwa sababu ya nyati ana wajibu wa kuwafikisha nyote kabla ya giza. Mwongozaji alipotazama saa alikuwa anahesabu mambo hayo yote.

Kuhusu fedha, usidai kwa sababu ya kutofika, kwa kuwa hakuna kampuni ya haki inayouza kilele. Inauza nafasi ya kujaribu. Lakini soma mkataba wako, na kama kuna huduma ulizolipia hukuzipata, kama vile chakula, kibanda au idadi ya wapagazi, hizo zidai kwa maandishi. Kuna lawama moja ya haki ninayoiona katika barua yako: mwongozaji alipaswa kuwaambia kabla ya kuondoka kwamba kuanza saa tisa na nusu kunawanyima nafasi, na kwamba kuna saa maalumu ya kugeuka, kilele kiwe karibu kiasi gani. Saa hiyo hukubaliwa jioni, mkiwa mmeshiba na mna akili timamu, si asubuhi kwenye upepo.

Ukirudi Meru, na ninatumaini utarudi, panda Little Meru mchana ule mnaofika Saddle Hut, ili miguu na kichwa vionje mita 3,820 kabla ya usiku. Vaa kila kitu cha kileleni ukiwa kitandani, mfunge mkoba kabla ya kulala, na muondoke saa saba usiku. Mwombe mwongozaji awaamshe saa sita, na umwamshe mwenzako aliyechelewa kabla ya kujiamsha mwenyewe.